Kaniki ya Bibi Yako Kwenye Kiti cha Ngozi

Nyangeta mwanangu,

Barua hii nimeiweka juu ya sanduku lako ili ukirudi kutoka kuagana na wenzako wa kwaya uikute kabla hujavua viatu. Isome leo leo. Usiseme utaisomea kwenye treni, maana ukifika kwenye treni itakuwa haina kazi tena.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa, wala kujihadhari na watu wa mjini. Hayo mama yako amekwambia mpaka umeyachoka, na shangazi zako wote hapa Nyasho wameongeza ya kwao. Mimi nimeendesha magari ya watu maisha yangu yote, na kazi ya dereva ni kunyamaza na kutazama mbele. Kusema sijui. Ndiyo maana hata hili naliandika, nimekaa ndani ya gari hapa uani, mlango wazi, daftari juu ya usukani, badala ya kukuita tukae tuongee. Uso umeumbwa na haya, na wangu una haya ya miaka kumi na moja.

Leo mchana ulitoka ndani umevaa ile suruali ya jinsi nyeusi uliyonunua kwenye mitumba, umependeza, ukaja mbio ukitaka kujaribu kiti cha gari la kesho. Nikapiga kelele, "Simama hapo! Usikae!" Nikaenda kuchukua shuka nikalitandika kwanza. Ukacheka ukasema, "Baba, kwani mimi nimejikojolea?" Mama yako alikuwa pale anachambua mchele wa kukufungashia. Akauweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani.

Wewe ukamsindikiza kwa macho, ukasema kwa sauti ya kusikika, "Na yeye anakasirika nini? Siku ya bibi hakukasirika. Aliingia kwenye gari akaondoka zake." Halafu ukanigeukia: "Kesho nataka unipeleke wewe tu, baba. Mama asinisindikize."

Nyangeta, dirisha la chumba lilikuwa wazi. Mama yako alisikia kila neno. Baada ya muda akatoka, akakaa palepale, akaendelea kuchambua mchele. Na mimi nikafanya nini? Nikachukua kitambaa nikafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa hakina hata vumbi.

Sasa nitakwambia kwa nini nilitandika shuka, na kwa nini mama yako aliinuka. Nianze na jinsi yako, maana hiyo ni nyepesi kusema. Hiyo jinsi si nyeusi. Vijana wa mitumba wanachukua zile zilizopauka wanazitumbukiza kwenye pipa la rangi, wanazianika, wanakuuzia kama mpya. Ikipata jasho kidogo tu, inachuja. Ifue peke yake kwa maji ya baridi, uirudie na kuirudia mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholowa uisugue pajani. Kitambaa kikitoka na weusi, bado hujamaliza, usiende kukalia kiti cha mtu. Haya nayajua vizuri, na sikuyajua kwa kusoma.

Miaka ile ya foleni wewe ulikuwa darasa la pili. Unaikumbuka kidogo, ulikuwaga unatumwa kushika nafasi kwenye mstari na jiwe lako. Sabuni ilikuwa haionekani. Watu walifua kwa magadi, wengine kwa majivu, wengine kwa majani ya mpapai, na nguo ikipata sabuni ya kweli ilikuwa habari ya mtaa mzima. Mimi nilikuwa dereva wa meneja wa shirika, hapa Musoma. Gari lake lilikuwa la zamani, limeagizwa wakati wa neema, na viti vyake vilikuwa vya ngozi halisi, rangi ya maziwa. Wilaya nzima hakukuwa na viti vile. Watu walikuwaga wanachungulia dirishani, kisha wanarudi nyuma kama wamechungulia chumba cha mtu.

Mimi nikajiona ndiye mwenye viti. Nakwambia ukweli, nilivipenda viti vile kuliko watu wengi. Nguo nilizokuwa nazo zilikuwa mbili, moja ina kiraka matakoni, lakini viti vya meneja nilivifuta asubuhi na jioni. Kila mtu mitaani alikuwa hana kitu, na mimi nilikuwa na viti. Ndivyo umaskini unavyomfanya mtu mwendawazimu, anashika cha mwenzake anakiita chake.

Siku moja nikampeleka meneja Bunda kwenye mkutano wa siku mbili. Akaniambia nirudishe gari Musoma, nimfuate kesho yake. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya mfululizo. Natoka Bunda mjini, namwona mama yako amesimama kando ya barabara ananipungia, na nyuma yake bibi yako. Walikuwa wanatoka Mugeta kumzika mdogo wake bibi. Mabasi hayakuwepo siku hizo, mafuta hakuna, walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi na mvua yote imewaishia mwilini.

Ilikuwa marufuku kupakia mtu kwenye gari la ofisi. Nikatazama huku na huku, nikafungua mlango. Mama yako akakaa mbele, bibi yako nyuma. Alikuwa amejifunga kaniki mpya kabisa za buluu nzito, mbili, moja juu na moja chini. Duka la ushirika mwezi huo lilikuwa limeletewa kaniki tupu, basi msiba mzima wa Mugeta ulivaa kaniki. Mpya, hazijafuliwa hata mara moja, zingefuliwa na sabuni gani? Na zote zimelowa chepechepe.

Mimi ni dereva, mwanangu. Niliijua kaniki na niliijua ngozi. Kwenye buti nilikuwa na turubai safi nimelikunja kwa ajili ya mambo kama hayo. Nililikumbuka kabla hata hajakaa. Lakini huyu ni mkwe wangu. Wewe umekua mjini, mambo haya unayasikia tu. Kwa desturi zetu na za watu wa mama yako, mkwe wako wa kike humshiki mkono, humtazami usoni, huketi naye mkeka mmoja. Sasa leo nimwambie, "Mama, inua makalio nitandike"? Ebo! Nilikuwa natoka jasho kwa sababu tu amekaa nyuma ya kisogo changu. Kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikigeuza kikatazama paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Nikaendesha hivyo mpaka Butiama, sioni nyuma, naomba Mungu nisipigiwe honi.

Ningeweza kumnong'oneza mama yako, "Mwambie mama atandike turubai." Maneno manne tu. Hata hayo niliona aibu. Nikajifariji kwamba labda haitachuja. Wanasemaga kaniki ndiyo mwendo wake, na mwendo wake niliujua, ila nilijifanya siujui.

Tukafika Mwitongo, hapo hapo Butiama, nyumbani kwa bibi. Mvua imekatika, majirani wamekuja kutoa pole, uani pamejaa watu. Bibi akashuka upande ule, mimi nikageuza uso kwa heshima mpaka apite. Halafu nikatazama kiti.

Buluu. Kiti kizima, pa kukalia na pa kuegemea, na pale mkono wake uliposhikilia palikuwa na vidole vitano. Nikaiona kazi imeondoka, nikaiona nyumba ya shirika imeondoka, nikawaona ninyi na vitu vyenu kando ya barabara. Nikaanza kupiga kelele. Sikumpigia yeye, la, mkwe hapigiwi kelele. Nilimpigia mama yako. Kwa Kiswahili, eti ili bibi asielewe. Mjinga mimi! Bibi yako alikuwa anauza maziwa kwa Waarabu na Wahindi wa Musoma kabla sijazaliwa, Kiswahili alikijua kuliko mimi.

Nikasema, "Umeona mama yako alichonifanyia? Umeona? Bora ningepakia ng'ombe! Ng'ombe hachuji rangi!"

Nimeliandika kama nilivyolisema. Nimelitazama hapa kwenye karatasi kwa muda mrefu, na nimetaka kulifuta.

Wazee wa kiume wakatazama chini. Mama yako akaweka mkono mdomoni. Na bibi yako, na kaniki yake iliyolowa, akaenda polepole mpaka kwenye mtungi, akachota maji kwenye kibuyu, akayaleta. Akayaweka chini, mbali kidogo na miguu yangu, kama desturi inavyotaka, akarudi nyuma nyuma bila kunipa mgongo. Alikuwa ananiletea maji ya kuoshea kiti. Na mimi nikayachukua.

Nikayachukua, Nyangeta. Nikaomba na magadi. Nikachukua gunzi la mahindi, nikasugua kile kiti mbele ya watu wote kama nachuna ngozi ya mbuzi. Buluu ikasambaa. Nikaongeza magadi. Nilipofika Musoma nikanyonya petroli kwenye tangi kwa mpira, nikasugua kwa petroli. Hapo ndipo rangi ya maziwa nayo ikaanza kutoka. Kesho yake kiti kilikuwa na baka la kijivu katikati, kimekauka, kimepasuka pasuka kama kisigino cha mtu asiye na viatu, na ile buluu bado ipo pembeni inanitazama.

Nikamfuata meneja Bunda nikiwa nimekwisha kujiandaa kufukuzwa. Akafungua mlango, akatazama. "Masatu, kiti kimepata nini?" Nikasema, "Mzee, mvua iliingia dirishani." Akasema, "Basi tandika kitambaa." Akakaa mbele, akafungua gazeti lake. Yamekwisha. Hakukitaja tena kile kiti mpaka anaondoka shirika. Nilimtukana mkwe wangu mbele ya kijiji kwa ajili ya jambo ambalo meneja mwenyewe aliona dawa yake ni kitambaa.

Wiki ile ile nilikipeleka kwa Fundi Salumu, yule mzee aliyekuwaga anashona viti vya magari karibu na soko, Mungu amrehemu. Alikigusa kwa kidole kimoja. "Wewe bwana, kiti umekiosha au umekichinja?" Nikamweleza magadi, gunzi, petroli. Akashika kichwa. "Ngozi ni ngozi. Hata hiyo ya kwako, nikikusugua kwa gunzi na magadi utabaki na rangi yako?"

Akanifundisha, na tangu siku hiyo sijakosea tena, faida yake ndogo ndiyo hiyo. Rangi ya nguo ikiingia kwenye ngozi usiisugue. Iwahi siku hiyo hiyo, kabla haijalala. Chukua kitambaa cheupe, laini, maji ya uvuguvugu, na povu kidogo sana la sabuni ya kuogea. Ujaribu kwanza pembeni chini ya kiti pasipoonekana. Halafu uguseguse, kutoka ukingoni kuja katikati ili doa lisitembee, na kila ukigusa ugeuze upande safi wa kitambaa, maana ukirudia upande mchafu unairudisha rangi mahali pake. Ukaushe kivulini. Ngozi ikikauka uipe mafuta kidogo, isipasuke. Na kama haitoki yote, acha. Alisema hivyo: "Acha ibaki. Doa watu watalizoea. Ngozi ukishaitoboa hairudi."

Nilimuuliza, "Kwa hiyo siku ile ile pale Butiama, ningechukua maji na kitambaa tu..." Akasema, "Ingetoka karibu yote. Kaniki bado mbichi? Ingetoka."

Sikumwambia habari ya ng'ombe. Sijamwambia mtu.

Bibi yako hakukanyaga tena nyumba yetu. Wewe ulidhani haipendi Musoma, eti joto na harufu ya samaki furu wanaoanikwa. Alikuwa anaipenda sana. Mwaka uliofuata nilipokupeleka ukakae naye usome kule, nilikushusha barabarani, ukaingia mwenyewe na mkoba wako, unakumbuka? Nilikwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Kuomba radhi kwa mkwe kuna njia yake. Unachukua wazee wawili, unachukua mbuzi, unakwenda, unasimama pale pale uani, na mzee wako anasema kosa lako kwa sauti watu wote wasikie. Kisha mkwe anakunywesha maji kwa mkono wake, mambo yanakwisha. Siku moja tu. Mama yako aliniomba. Mwaka wa kwanza aliniomba, wa pili aliniomba. Nikasema mvua, nikasema msimu wa pamba, nikasema wazee hawapo. Niliogopa lile neno la ng'ombe kutajwa tena kwa sauti. Nilidhani likikaa kimya litakufa lenyewe.

Zikaja siku za ruksa. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba imemwagwa chini kama mchanga, kila mtu anatembea na jinsi. Kaniki zikawa nguo za kudekia. Na ndipo bibi akaugua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa naye. Miguu imevimba, pumzi inapanda. Mganga wa zahanati akaandika apelekwe hospitali Musoma haraka.

Alhamisi ile mama yako alikuja na gari la meneja, lile lile. Meneja mwenyewe alisema, "Chukueni, mkamlete mzazi." Kwa nini sikuendesha mimi? Nilimpa Magesa, dereva mwenzangu, funguo. Nilisema kichwa kinaniuma.

Sasa sikiliza, hili ndilo usilolijua. Wewe unasemaga mama yako alikutuma maji, ukarudi ukakuta vumbi tu, gari limeondoka na bibi bado yuko kitandani. Ni kweli alikutuma. Alikutuma kwa sababu bibi alikuwa ameanza kulia na hakutaka umwone analia. Mama yako na Magesa walikuwa wamembeba mpaka mlangoni. Bibi akaona gari. Akaona ndani yake vile viti. Akashika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, mgonjwa yule, wakashindwa kumbandua. Akamwambia mama yako, "Wakuru mwanangu, humo siingii. Miguu yangu inatoka maji. Nitachafua tena kiti cha mkwe wangu."

Mama yako akapiga magoti. Akamwambia hakuna anayejali kiti. Akavua kitenge chake akakitandika. Bibi akasema, "Aje yeye. Sitaki mbuzi, sitaki wazee. Aje tu aniambie mama panda. Nitapanda."

Ndiyo maana gari liliondoka kwa kasi. Mama yako hakumkimbia bibi yako. Alikuwa anakuja kunichukua mimi.

Alinikuta kwenye gereji ya shirika. Kichwa hakikuwa kinauma. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi nanywa chai. Akaniambia yote, anahema, mguu mmoja peku, kiatu kimoja kilibaki Mwitongo. "Twende sasa hivi. Maneno mawili tu, Masatu. Mama, panda." Magesa hakuzima hata injini.

Nikasema, "Jumamosi."

Sijui kwa nini Jumamosi. Nimejiuliza miaka saba. Nilisema gari linatakiwa kesho Ijumaa, na halikutakiwa. Nilisema nitafute wazee kwanza tufanye mambo kwa heshima, na bibi mwenyewe alikwisha kusema hataki wazee. Ukweli ni kwamba niliona uani pale, niliona majirani, niliona kibuyu kile cha maji, na miguu ikakataa. Nilidhani mgonjwa ananingoja. Mama yako akanitazama, hakulia. Akageuka akaenda kutafuta lori lolote la kumrudisha Butiama, na la kumchukua mama yake. Alilipata Ijumaa mchana. Walipofika jioni, wewe unajua walichokikuta, maana wewe ndiye uliyekuwa umeshika mkono wa bibi.

Baada ya mazishi ulikataa kumsogelea mama yako. Ulisema mbele ya watu kwamba amemwacha bibi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Wakati huo watu wote walikuwa wananitazama mimi, kila mmoja pale Mwitongo anajua, isipokuwa wewe. Nilifungua mdomo. Mama yako akanishika mkono, akaniminya. Nyumbani akaniambia, "Mwache anichukie mimi. Wewe unamfahamu mtoto huyu, akikukataa atakukataa mpaka kaburini, na hatakuwa na baba. Mimi mama, nitavumilia. Atakua ataacha."

Hukuacha. Umekua, umemaliza shule, umechaguliwa chuo cha uuguzi, na siku ile barua ilipofika ulisema unakwenda kusomea kazi hiyo ili mgonjwa wa mtu asiachwe tena na mtoto wake mwenyewe. Ulimtazama mama yako ukisema hivyo. Akakupongeza. Akaenda jikoni akakuchinjia kuku. Na mimi nikala yule kuku, Nyangeta, nikaomba na mchuzi.

Huyo ndiye baba uliyesema akupeleke peke yake. Miaka saba umenikimbilia mimi, umenipikia mimi chai kabla ya mama yako, umenipa mimi siri zako, na mimi nimepokea yote kama mali yangu. Nilipokea kilichokuwa cha mwingine. Kila ukimkaripia mama yako nilitazama dirishani. Alishika maneno yake, akazeeka nayo, na mimi nikanenepa. Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi yangu hayakungoja mjukuu, nimekaa nayo meza moja kila siku.

Sikuandikii hivi ili unihurumie, wala sikufundishi kitu. Wewe una akili kunishinda. Ila utakuwa nesi, na utakosea, maana kila mtu anakosea. Utamjibu mgonjwa vibaya, utamshika kwa ukali. Siku hiyo rudi kwake kabla hujabadilisha zamu. Usingoje Jumamosi. Hilo tu ndilo ninalolijua katika dunia hii.

Kesho sitaendesha mimi. Nimempa Magesa funguo, na safari hii sijasema kichwa kinauma. Kesho nakwenda Mwitongo na wazee wawili na mbuzi wangu, nikalisimamie lile neno mbele ya wajomba zako. Najua nachelewa. Anayeombwa hayupo na maji ya kuninywesha hakuna mwenye mkono wa kuyashika, lakini nitasimama nisikie likitajwa. Magesa nimempa ruhusa. Ukimuuliza njiani atakwambia aliyoyaona mlangoni kwa bibi, usidhani nimekutungia.

Ukinichukia ni haki yako. Usilazimike kuniaga asubuhi. Nitaondoka kabla hamjaamka, na sitapiga hodi chumbani kwako.

Mama yako hajui kama nakuandikia. Amekwisha kujiandaa kubaki, kama ulivyosema. Kilemba chake cha safari alikuwa amekipiga pasi tangu Jumapili. Leo baada ya yale maneno nimemwona anakikunja anakirudisha sandukuni. Kiti cha pembeni yako kwenye gari kitakuwa wazi mpaka Mwanza. Mimi siwezi kumwambia apande. Hatapanda kwa neno langu, na ana haki.

Bibi yako alitaka mtu mmoja tu aende amwite, na huyo mtu hakwenda. Mama yako sasa hivi yuko jikoni. Kutoka mlango wako hadi pale ni hatua kumi na mbili. Nimejaribu kuzitembea leo mchana nikaishia ya saba. Nenda wewe, mwanangu. Mwambie mama, panda.

Aliyekaa kwenye tairi akinywa chai,
baba yako,
Masatu